Nyangumi wa Kaunta

Bosi wa kampuni ya kupeleka watu baharini kutazama nyangumi alikuwa hawezi kukaa baharini nusu saa bila kutapika. Hilo halikuwa siri. Wafanyakazi walimwita Bosi Ndimu, kwa sababu kila alipolazimika kupanda boti alibeba ndimu iliyokatwa vipande kwenye mfuko wa plastiki, akavinyonya kimoja kimoja huku amefumba macho mpaka warudi gatini. Miaka kumi na mmoja anauza safari za nyangumi, na nyangumi mwenyewe alimjua kwa kusimuliwa.

Mama Daftari hakuwahi kumwita Bosi Ndimu. Alimwita shemeji, maana ndiye aliyemwoa mdogo wake. Lakini jinsi alivyolitamka neno hilo, ungedhani anatema mbegu.

Mama Daftari mwenyewe ndiye aliyekuwa mwangalizi wa boti. Kibali cha kampuni kilisema waziwazi: chombo kisimsogelee mnyama yeyote wa baharini kama hakuna mwangalizi mwenye stashahada ndani, na huyo mwangalizi aandike kila kilichoonekana, kisha atie sahihi. Katika kampuni nzima mwenye stashahada alikuwa mmoja. Aliisomea akiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, akafanya mtihani wa mwisho siku tisa baada ya kujifungua, na tangu hapo hakuwa na subira na mtu mzima anayelalamika kwamba kitu fulani ni kigumu.

Wiki tatu zilizopita aliomba ruhusa. Binti yake mkubwa alikuwa anajifungua mapacha, na mama mkwe wa binti huyo alikuwa wa kukaa kitandani na kutoa ushauri. Mama Daftari akaenda, akapika, akafua, akamwambia mama mkwe maneno mawili matatu yaliyomfanya ainuke mwenyewe kufuata maji, kisha akarudi kazini Jumatatu asubuhi.

Ofisi aliikuta vilevile. Mlango wa kioo wenye ufa. Viti vya plastiki viwili. Rundo la majaketi ya kuokolea yanayonuka ukungu. Ukutani, kwa herufi nyekundu kubwa: UTAMWONA NYANGUMI, USIPOMWONA SAFARI YA PILI BURE. Na juu ya kaunta, mahali pake pa siku zote, nyangumi wa plasta, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, amepakwa rangi ya buluu ambayo nyangumi hajawahi kuwa nayo. Mkia wake uliwahi kuvunjika, ukabandikwa kwa gundi, na aliyeubandika aliusimamisha wima kama mlango badala ya kuulaza kama sahani. Mama Daftari aliliona kosa hilo siku ileile lilipotokea. Hakusema kitu. Kila asubuhi alipopita alimtupia jicho yule nyangumi, akatabasamu peke yake, akaenda zake kwenye boti. Nyangumi mwenye mkia wa samaki changu! Ofisi ya aina hii ilistahili nyangumi wa aina hii.

"Dada, umerudi!" Mdogo wake aliinuka nyuma ya kaunta. Yeye ndiye aliyekata tiketi na kupokea simu. "Mapacha hawajambo?"

"Wanakula na kulia. Daftari liko wapi?"

"Si ukae kwanza."

"Nimekaa kwenye basi saa nne nzima. Daftari."

Mdogo wake alitazama mlango wa chumba cha ndani, na kabla hajajibu, shemeji akatoka humo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, daftari la kumbukumbu mkononi.

"Karibu, shemeji, karibu. Umekuja wakati mzuri kweli. Afisa wa wanyama wa bahari anakuja leo saa nne. Anapanda na sisi, anakagua daftari, anatugongea muhuri wa mwaka mwingine. Kimebaki kitu kidogo tu." Akalifungua daftari, akaweka kidole. "Sahihi yako. Hapa, na hapa, mpaka chini."

Mama Daftari akavaa miwani.

Kurasa mbili zilikuwa zimejaa. Mistari kumi na tisa. Tarehe kumi na tisa, zote za siku ambazo yeye alikuwa anabadilisha nepi mji mwingine. Mwandiko ulikuwa wa shemeji, mkubwa na wa kulala, kama mtu aliyesinzia akiandika.

"Mlitoka mara kumi na tisa bila mwangalizi?"

"Watu walishalipa, shemeji. Tungewaambia nini?"

"Ungewaambia mwangalizi hayupo." Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama mwalimu anayesoma insha ya mtoto ili darasa lisikie. "'Aina ya mnyama: nyangumi. Idadi: wengi.' Wengi ni wangapi?"

"Wengi."

"'Umbali: karibu kabisa.' Umejishtaki kwa mkono wako mwenyewe, hongera. 'Tabia: alifurahi sana kutuona.' Alikwambia? 'Nyangumi watatu, baba, mama na mtoto. Baba alitangulia kuonyesha njia.' Shemeji, dume la nyangumi likishapanda halimjui mtoto. Halina tofauti na mkwe wangu wa kwanza. 'Magamba yake yalimetameta juani.'" Hapo alinyanyua kichwa. "Magamba?"

"Si ni lugha tu ya kupamba."

"Na hii je? 'Alipunga mkia kushoto na kulia kama anayeaga.' Mstari wa tano, kushoto na kulia. Wa nane, kushoto na kulia. Wa tisa, wa kumi na mbili. Safari zote kumi na tisa mkia unakwenda kushoto na kulia!"

"Sasa mkia usipokwenda kushoto na kulia utakwenda wapi?" shemeji aliuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyetania hata kidogo.

Mama Daftari alivua miwani. Kila safari, kwa miaka yote hiyo, somo lake la kwanza kwa abiria lilikuwa lilelile: nyangumi si samaki. Ananyonyesha, anapumua hewa kama wewe, hana gamba hata moja, na mkia wake umelala, unapiga juu na chini. Mkia wa samaki ndio uliosimama, unaopiga kushoto na kulia. Watoto wa shule walilishika kwa mara moja. Huyu mtu alikuwa analipwa na somo hilo na halikuwahi kumfikia, kwa sababu wakati linatolewa yeye alikuwa nchi kavu na gazeti lake.

"Sitii sahihi," alisema.

Shemeji alicheka kidogo. Alikuwa na kicheko chepesi, cha mtu aliyezoea mambo yake kunyooshwa na wengine. "Utatia. Msimu uliopita ulitia."

Hapo ndipo pabaya. Msimu uliopita, siku moja ya mvua, hawakuona kitu zaidi ya mawimbi na povu. Mdogo wake akamfuata jikoni nyumbani akilia, kwamba wageni wote wanataka safari ya pili bure, kwamba mume wake ataongea maneno mazito, kwamba ni mstari mmoja tu. Mama Daftari akaandika "nyangumi mmoja, mbali" akatia sahihi. Mstari mmoja. Alijidharau kwa mstari huo kuliko alivyomdharau shemeji kwa kumi na tisa, maana yeye alikuwa anajua.

"Dada," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini. "Ni sahihi tu. Kibali kikisimamishwa, sisi tutakula wapi? Na wewe mwenyewe?"

"Leta hilo daftari. Nitalisoma vizuri njiani."

"Lakini utatia?" shemeji akauliza.

"Nimesema nitalisoma."

Afisa alifika saa nne kasoro dakika tano. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye begi la mgongoni, haongei sana, na macho yake yalitua juu ya kitu yakakaa hapo. Yalitua juu ya nyangumi wa kaunta, yakakaa. Shemeji alimpa jaketi la kuokolea lenye nafuu kuliko yote, akajivika jingine, akajipapasa mfukoni kuhakikisha ndimu ipo. Siku ya afisa hakukuwa na namna, ilibidi aende.

Abiria walikuwa kumi na wawili. Bwana na bibi harusi waliokuwa wanapigana picha hata kabla ya kamba kufunguliwa. Familia moja yenye simu nyingi kuliko watu. Na mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliyepewa tiketi na wanawe kama zawadi na aliyekaa kimya, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nahodha aliwasha injini. Huyu nahodha alikuwa na macho ya usingizi na msimamo wa bendera. Upepo ukivuma huku, naye yuko huku. Mama Daftari hakumtegemea kwa lolote isipokuwa usukani.

Alipopeleka mkono kwenye kipaza sauti, shemeji akamwahi. "Leo naongea mimi," akasema kwa tabasamu la kumwonyesha afisa. Mdomoni alikuwa tayari na kipande cha ndimu.

"Karibuni, mabibi na mabwana! Leo mtamwona samaki mkubwa kuliko wote duniani!"

Afisa akainua kichwa. Mama Daftari akatazama maji.

"Mtamtambua kwa mkia wake. Ataupunga kushoto na kulia, hivi!" Akapunga mkono wa kuume, kiganja kimesimama wima, sawasawa kabisa na yule wa kaunta. Hapo Mama Daftari alielewa elimu yote ya shemeji ilikotoka. Mtu mzima mwenye kampuni alikuwa amekaa kwenye kiti chake siku kumi na tisa, akamtazama mdoli wa plasta, akanakili. Alitaka kucheka, lakini kicheko kilikwama, na hakujua kwa nini.

Dakika arobaini baadaye, mbele upande wa kulia, pumzi ilipanda. Moshi mweupe wa maji, ukasimama, ukapotea. Kisha mwingine pembeni yake, mdogo, wa haraka haraka.

"Mama na mtoto," Mama Daftari alisema kwa nahodha. "Mita mia mbili. Punguza."

Boti ikapunguza mwendo. Abiria wote wakahamia upande mmoja, boti ikalala kidogo, shemeji akashika nguzo kwa mikono miwili. Mgongo mweusi ulijitokeza, mrefu, ukazidi kujitokeza mpaka mtu akachoka kusubiri mwisho wake. Kisha ukapinda, na mkia ukainuka wote juu ya maji, mpana, umelala, maji yakimwagika kingoni mwake pande zote mbili. Ukakaa hewani. Ukashuka chini bila kishindo.

Bibi harusi alisahau kupiga picha.

Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kusema. "Mbona umelala?"

"Nini, mzee?" shemeji akauliza, uso umeanza kupauka.

"Mkia. Umelala kama kola. Wewe umesema umesimama."

"Aa, huyu... huyu labda ana ulemavu."

Kisha pumzi ndogo ikapanda, mgongo mdogo ukapinda, na mkia mdogo, nao umelala vilevile, ukachungulia na kuzama.

"Na mtoto karithi?" fundi aliuliza.

Kicheko kilichotoka kwenye boti hiyo kilikuwa cha watu kumi na wawili na nahodha. Shemeji alikuwa mtu wa kuvumilia mengi, lakini si kuchekwa. Alimgeukia nahodha. "Sogea karibu! Waone vizuri, wapige picha, wanyamaze! Pita hapo katikati!"

Hapo katikati palikuwa kati ya mama na mtoto. Nahodha alisukuma mkono wa gia. Boti ikaruka mbele.

"Gia huru," Mama Daftari alisema.

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ile aliyomwambia nayo mama mkwe wa binti yake kwamba ndoo iko pale. Nahodha alimtazama bosi, akamtazama yeye, akaona upepo wenye nguvu unatokea wapi. Akatoa gia. Boti ikaenda kwa nguvu iliyobaki, ikapoa, ikaanza kuyumba kwenye wimbi lake yenyewe. Mbele yao, karibu kuliko inavyoruhusiwa, yule mama alikuwa ameshajigeuza, mwili wake wote kama ukuta kati ya boti na mtoto. Mama na mtoto walipumua mara moja, pamoja. Harufu ya pumzi hiyo ilifika botini, ya samaki waliooza. Kisha maji yakafunga juu yao.

Boti isiyokwenda huyumba vibaya. Shemeji aliachia kipaza sauti, akainama ukingoni, na ndimu zote za asubuhi zikatoka. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo abiria walisikia kila kitu kwa ufasaha.

Afisa akamwendea Mama Daftari. "Naomba daftari."

Alisoma kurasa zile mbili amesimama, miguu imepanuliwa, mwili ukifuata boti bila yeye kujali. Alifika kwenye magamba, akarudia mstari. "Nafasi ya sahihi iko wazi," alisema. "Mwangalizi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwepo siku hizi?"

Mama Daftari aliona ofisi yenye mlango wa ufa. Aliona uso wa mdogo wake akiuliza watakula wapi. Swali la haki. Alijua pia mtu wa stashahada moja na umri wake haajiriwi upesi mahali pengine. Yote hayo aliyaona vizuri, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Kisha akamwona yule mama alivyojigeuza.

"Sikuwepo. Nipe kalamu. Nyekundu kama unayo."

Aliweka daftari juu ya boksi la majaketi. Kwenye mstari wa kwanza, chini ya "aina ya mnyama", alikata neno "nyangumi" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: samaki. Akatia sahihi. Mstari wa pili: samaki. Sahihi. Wa tatu. Aliandika bila haraka, kwa herufi zake ndogo zilizosimama wima. Kumi na tisa. Chini kabisa akaongeza: "Kwa mujibu wa mkia na magamba yaliyoelezwa. Sikuwa chomboni."

Kisha akafungua nyuma, msimu uliopita, siku ya mvua. Akakata "nyangumi mmoja, mbali". Akaandika: povu. Akatia sahihi tena pembeni ya ile ya zamani, zikawa mbili.

"Hilo la mwisho litakugharimu wewe," afisa alisema.

"Nimesoma. Kifungu ninakijua."

Walirudi bila mtu kuongea kwenye kipaza sauti. Kwenye kaunta afisa alijaza karatasi mbili. Moja ilisimamisha kibali cha kampuni mpaka msimu ujao. Ya pili ilichukua kadi ya uangalizi ya Mama Daftari kwa muda huohuo. Aliitoa mwenyewe shingoni akamkabidhi. Afisa aliaga kwa kichwa, akamtazama tena nyangumi wa kaunta, akaondoka.

Shemeji aliupata ulimi wake mlango ulipofungwa. "Umeniandikia samaki! Mbele ya serikali! Mimi, mume wa mdogo wako!"

"Samaki umewaandika wewe, shemeji. Mimi nimewaita jina lao tu."

"Mwanamke huna utu! Huna..." Tumbo likamkatiza. Akaingia chumba cha ndani, wakasikia kochi likilalamika.

Mdogo wake alisimama nyuma ya kaunta, mikono juu ya daftari la tiketi ambalo sasa halikuwa na kazi. Mama Daftari alimngoja alie. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, alikuwa na maneno yake tayari, makavu na ya kutosha.

"Hii kushoto na kulia," mdogo wake alisema, "ameitoa kwa huyu?" Akamgusa nyangumi wa plasta mgongoni.

"Kwa huyohuyo."

"Mkia niliubandika mimi. Ulivunjika nilipokuwa nafuta vumbi."

"Najua."

"Ulijua umekaa vibaya?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Mama Daftari alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa. "Tangu siku ileile."

Mdogo wake alihesabu kimoyomoyo. "Miaka sita. Kila asubuhi ukiingia unatazama hapa kaunta, unatabasamu." Akautoa mkono mgongoni mwa nyangumi. "Mimi nilidhani unafurahi kuniona."

Yale maneno makavu yote aliyoyaandaa Mama Daftari hayakuwa na pa kwenda. Miaka sita alikuwa amebeba kicheko chake kama pambo, na hakuwahi kugeuza kichwa nusu hatua kuona nani mwingine yuko nyuma ya kaunta. Na alishindwa hata kumpandisha mdogo wake kwenye boti siku moja, akamwonyesha? Kulikuwa na nafasi kila siku. Alimwona mjinga, akamwacha hapo.

"Gundi iko wapi?" aliuliza.

"Ya nini? Ofisi imefungwa."

"Nimeuliza gundi."

Mdogo wake alifungua droo. Mama Daftari alimshika nyangumi kiunoni, akaukamata mkia, akauvunja kwa mara moja. Ulitoa sauti ya kijiti kikavu. Akakwangua gundi ya zamani kwa ukucha, akapaka mpya, akaugeuza mkia, akauweka mkononi mwa mdogo wake.

"Weka wewe. Laza. Kama sahani, siyo kama mlango. Hapo. Sasa shika."

"Mpaka lini?"

"Chupa inasema dakika tano. Usitikisike."

Mdogo wake alishika mkia, yeye akashika mwili. Walisimama hivyo, kaunta katikati yao, bila kuangaliana.

"Unapiga juu na chini?" mdogo wake aliuliza baadaye.

"Juu na chini."

Kutoka chumba cha ndani sauti dhaifu iliomba mtu alete ndimu. Hakuna aliyekuwa na mkono mtupu.